Noeli Isitukute Tukihangaika

Ndugu wasomaji, na hasa ninyi akina mama wenzangu ambao waume zenu wamevaa sare ya taifa, kila mwaka ufikapo mwezi wa Desemba mimi hukumbuka kosa moja nililolifanya nyumbani mwangu, hapa Mutanga Nord mjini Bujumbura. Kwa miaka mingi sikulisimulia mbele ya watu, kwa kuwa lilinitia aibu. Leo nimeona afadhali niliseme, maana nawatazama majirani zangu vijana wakianza kukimbia huku na huko kama nilivyokuwa nikikimbia mimi, na sipendi yawafike yaliyonifika.

Mtaa wetu uko upande wa kaskazini wa mto Ntahangwa, katika komini inayoitwa kwa jina la mto huo huo. Mwaka 2011 tulikuwa tumepanga nyumba ndogo ya uani, yenye vyumba vitatu. Tulikuwa na watoto watatu: binti wa miaka 12, na wavulana wawili, mmoja wa miaka 9 na mwingine wa miaka 4. Baba yao, askari wa cheo cha sajini, alikuwa Mogadishu katika jeshi la Umoja wa Afrika la kulinda amani. Vikosi vya Burundi vilianza kwenda Somalia mnamo Desemba 2007, na watoto wetu wengi wamekua wakilijua jina la Mogadishu kabla ya kulijua jina la makao makuu ya mkoa wa babu zao.

Mwezi wa Oktoba wa mwaka huo wa 2011, vikosi vyetu vilipata msiba mkubwa huko Deynile, pembezoni mwa Mogadishu. Wake wa askari wanaozikumbuka siku zile hawana haja ya kuelezwa. Simu ikilia, moyo ulishtuka. Isipolia, moyo ulishtuka vilevile. Basi Desemba ilipoingia, badala ya kukaa na hofu yangu na kuitazama, niliamua kuifunika kwa kazi. Nilijiambia kwamba Noeli ya mwaka ule itakuwa kubwa kuliko zote, ili watoto wasione pengo la baba yao, na ili watu wasiseme kwamba nyumba imepoa kwa kuwa mwenyewe hayupo.

Nilimwalika mama mkwe kutoka Gitega, nikawaalika mashemeji wawili na wake zao, nikawaalika na majirani wa pande zote. Nilipaka rangi sebule. Nilinunua kitambaa cha mapazia mapya, nikakipeleka kwa fundi wa Buyenzi, ambaye naye alikuwa na wateja wengi kupita kiasi. Niliagiza kreti za soda na za bia. Nilipanga kupika wali, ndizi, sombe, maharage, nyama ya mbuzi, kuku, ndagala na maandazi. Hayo yote nilitaka kuyafanya mimi mwenyewe, kwa mkono wangu. Mtu akiniuliza, "Nikusaidie nini?" nilijibu, "Acha tu, nitamaliza." Nilidhani huo ndio uhodari.

Katika juma lile baba watoto alipiga simu. Aliniambia hivi: "Tarehe 24 nitaazima simu ya mwenzangu. Nitapiga saa mbili usiku kwa saa ya huku, yaani saa moja kwenu. Baada ya hapo nakwenda zamu. Wakusanye watoto." Maana Mogadishu wametutangulia kwa saa moja. Niliitikia vizuri, nikaendelea kuhesabu vikombe.

Tarehe 24 Desemba mwaka ule ilikuwa Jumamosi. Sote tunajua kwamba Jumamosi asubuhi katika nchi yetu ni wakati wa kazi za pamoja za maendeleo. Maduka hufungwa na magari husimama mpaka kazi iishe. Mimi nililijua jambo hilo kama ninavyolijua jina langu, lakini katika hesabu zangu sikulitia. Nilifika Soko Kuu la katikati ya mji wakati mji mzima ulikuwa umefika hapo. Vijana wa leo hawakulijua vizuri soko lile, kwani liliteketea kwa moto tarehe 27 Januari 2013. Lakini waliolijua wanafahamu jinsi njia zake zilivyojaa watu siku ya mkesha. Nilisukumana kwa nyanya, nikasukumana kwa vitunguu. Kisha mvua ya Desemba ikanyesha. Nilirudi Mutanga Nord saa kumi na moja jioni, nimelowa, na mapazia hayajaletwa.

Nyumbani nilikuta umeme umekatika tangu asubuhi. Nyama niliyoinunua siku iliyotangulia na kuihifadhi katika friji ya jirani ilikuwa imeanza kutoa harufu. Makaa yalikuwa yameloa. Watoto walikuwa hawajala cha mchana, kwa kuwa katika orodha yangu ya vyakula vya sikukuu hakukuwa na chakula cha siku ile. Mama mkwe alikuwa amefika, ameketi kibarazani na mzigo wake miguuni, hakuna aliyempa hata maji ya kunawa.

Hapo ndipo hasira ilipoanza kuzungumza badala yangu. Nilimfokea kijana aliyeleta mapazia kwa kuchelewa. Nikashusha mapazia ya zamani, nikayatupa kitandani, nikakimbilia jikoni. Watoto waliponifuata niliwaambia, "Asinisogelee mtu! Asiniite mtu mpaka nimalize!" Baada ya muda binti yangu alisimama mlangoni, akafungua kinywa kusema jambo. Sikumpa nafasi. Nilipaza sauti, "Nimesema niacheni!" Akaondoka kimya.

Saa nne na nusu usiku, watoto wamelala na nguo zao za mchana, niliingia chumbani kukunja mapazia yale ya zamani. Chini yake palikuwa na simu yangu. Ilionyesha kwamba nilikuwa nimepigiwa mara tatu: saa moja kamili, saa moja na dakika 6, na saa moja na dakika 15. Nilipiga nambari ile papo hapo. Haikupatikana. Nilipiga tena usiku wa manane, nikapiga alfajiri. Haikupatikana.

Ndugu msomaji, siku ya Noeli wageni walikuja, wakala, wakasifu. Mapazia yalipendeza kweli. Mimi nilipita kati yao na sinia mkononi huku sioni kitu. Jioni, tulipokuwa tukiosha vyombo, binti yangu aliniambia kwa sauti ndogo, "Mama, jana nilisikia simu inalia chumbani. Nilikuja kukuambia, lakini ulikuwa umekataza." Hakunilaumu. Alikuwa akieleza tu, kama mtoto mtiifu aliyefuata amri. Nadhani laiti angenilaumu, ingeniuma kidogo kuliko vile.

Zilipita siku tano. Tarehe 29 Desemba, mchana, simu ililia. Alikuwa ni yeye. Kikosi chao kilihamishwa usiku ule ule wa mkesha, na huko walikokwenda hapakuwa na simu ya kuazima. Nilipoanza kuomba radhi alinikatiza akasema, "Mama watoto, nilitaka tu kuzisikia sauti zao kabla sijatoka." Basi. Hakuongeza neno, wala mpaka leo hajaongeza. Mungu alimrejesha salama katikati ya mwaka 2012. Lakini si wote waliokuwa huko waliorejea. Na mimi najua kwamba usiku ule ningaliweza kuzipoteza kwa ajili ya mapazia simu tatu za mwisho za maisha yake.

Hilo ndilo kosa langu. Sasa niwaeleze nililojifunza, maana aibu isiyozaa fundisho ni hasara mbili.

Baba watoto alipokuwa likizoni nilimwuliza jinsi wanavyoweza, wao askari, kutoka usiku gizani na vitu vingi bila ya kupigiana kelele. Alicheka akasema kwamba askari hafungi mzigo wake saa ya kuondoka. Kwanza wanauliza: tunakwenda kufanya nini? Kisha wanahesabu kurudi nyuma kutoka saa ya kuondoka. Kila mmoja ana kazi yake na anaijua. Na kisichohitajiwa hakibebwi, hata kikiwa kizuri namna gani. Niliyachukua maneno hayo nikayaingiza jikoni mwangu, na tangu Desemba 2012 hayajatoka.

Jambo la kwanza ni kuchagua. Siku ya kwanza ya Desemba tunaketi sote na watoto, tunaulizana: mwaka huu sikukuu yetu ni ya nini? Tunachagua mambo matatu tu. Mwaka mmoja yalikuwa kwenda Misa ya mkesha pamoja, kumpokea bibi, na kula kuku. Mambo mengine yote, kama vile rangi, mapazia na maandazi ya aina nne, yatafanyika nafasi ikiwapo, isipokuwapo, hatutayalilia. Nimeona kwamba mwanamke hachoshwi na kazi anazozifanya peke yake. Huchoshwa zaidi na kazi ambazo hakuthubutu kuzifuta.

Jambo la pili ni kuhesabu kurudi nyuma. Juma la kwanza la Desemba tunanunua vitu visivyoharibika: mchele, maharage, sukari, chumvi, sabuni, na makaa. Makaa tunayaweka juu ya mbao, mbali na ukuta unaovuja, kwa maana mwezi huu ni wa mvua. Ndagala waliokaushwa tunawanunua mapema pia, na hapa mwezi wa mbinguni una maana yake. Wavuvi wa ziwa Tanganyika huvua usiku kwa taa. Mwezi ukiwa mpevu samaki hawavutiwi sana na taa, basi ndagala hupungua sokoni na bei hupanda. Juma la pili ni la fundi wa nguo. Juma la tatu ni la usafi wa nyumba, watoto wakiwa wamekwisha kumaliza mitihani ya muhula. Siku mbili za mwisho hubaki kwa mboga mbichi na nyama peke yake. Na kila mwaka naitazama kalenda kuona Jumamosi iko wapi!

Jambo la tatu ni kugawa kazi. Mimi nilizaliwa Buyenzi, katika majirani Waislamu wengi, na nilipokuwa mtoto niliona jinsi akina mama wa mtaa ule walivyoendesha mwezi mzima wa Ramadhani. Siku 29 au 30, kila jioni futari tayari, na Idi ikafika bila ya mtu kuzimia jikoni. Siri yao ilikuwa nini? Kila mtu alikuwa na kazi yake: huyu anachagua mchele, yule anakuna nazi, mvulana anateka maji, baba ananunua tende. Hakuna aliyekuwa mgeni katika nyumba yake mwenyewe. Nami nilikuwa nimeyasahau hayo nilipohamia mtaa wa nyumba zenye kuta. Siku hizi wavulana wangu wanaosha vyombo na kukatakata vitunguu kama dada yao. Mama mkwe akifika hupewa maji kwanza, halafu hupewa kazi ya kuketi, yaani kuchambua maharage. Anafurahi kuliko nilipokuwa nikimwambia apumzike. Mwaka ule wa 2011, kabla ya kurudi Gitega, aliniambia neno ambalo sijalisahau: "Mwanangu, nilikuja kukaa nawe, sikuja kuangalia mapazia."

Jambo la nne ni fedha. Mara nyingi mshahara wa Desemba ukitoka kabla ya sikukuu, tunashangilia kana kwamba tumeongezewa. Tuhesabu vizuri. Ukilipwa tarehe 20 Desemba, na mshahara unaofuata ukaja tarehe 31 Januari, kati yake kuna siku 42. Yaani mshahara wa mwezi mmoja unalishwa majuma sita! Mimi nilikopa fedha ya makaa kwa jirani Januari 2012, huku kreti tupu zikiwa zimepangwa uani kama ushahidi. Sasa natumia bahasha nne. Ya kwanza, ambayo hujazwa kabla ya nyingine zote, ni ya Januari: chakula, madaftari, na nauli ya watoto. Ya pili ni ya ugonjwa na msiba. Ya tatu ni ya wageni na sadaka. Ya nne ndiyo ya sikukuu. Ikiisha, sikukuu imekwisha kupangwa; sichukui katika bahasha ya jirani yake.

Jambo la tano ni chakula chenyewe. Nyama ninainunua alfajiri ya siku ya kupikwa. Ikinilazimu kuinunua jana yake, basi naichemsha na chumvi jioni ile ile, sitegemei umeme. Maharage nayaloweka usiku kucha, nayo huiva upesi na kuokoa makaa. Chakula kilichopikwa hakikai wazi zaidi ya saa 2, kwani joto la bonde letu huharibu chakula haraka. Kikibaki, hupashwa moto mpaka kichemke kabla ya kuliwa. Na tarehe 24 kuna chakula cha tarehe 24! Kitu chepesi tu, wali na maharage, lakini watoto wanakula saa sita mchana. Mama mwenye njaa na watoto wenye njaa hawawezi kusikilizana.

Sasa niwageukie akina baba, askari na polisi mnaosoma ukurasa huu. Sisi hatuwaombi muwepo kila Noeli. Tunajua kwamba usiku watu wanapokwenda kanisani kuna mtu lazima asimame barabarani na kulinda. Jirani yangu mmoja, mumewe ni polisi, miaka mingi hufanya sikukuu yao tarehe 26 au 27, siku anayotoka zamu, na watoto wao hawajapungukiwa na kitu. Sikukuu ya nyumba ya askari ni siku ile ambayo sahani zote zina wenyewe. Tunaloomba ni moja: tuambieni zamu zenu mapema, na msituahidi msilolijua. Mkisema "huenda nikaja", mama atapika kwa ajili ya watu sita na kuketi dirishani. Mkisema "sitakuwapo, lakini nitapiga simu saa moja", nyumba itatulia. Na mkiwa nyumbani, msikae sebuleni mkingoja kupelekewa. Mliyojifunza kambini, ya kufua, kupanga vitu na kuamka mapema, hayakatazwi nyumbani.

Ninyi akina mama mlio peke yenu mwaka huu, nina neno la mwisho kwenu. Hofu haifunikwi kwa kazi. Nilijaribu, nikaona kwamba ilikuwa imejificha chini ya kazi zile ikiningoja. Afadhali kumwambia mtu, "Naogopa," ukalia robo saa, kisha ukaamka ukachagua mchele kwa utulivu. Watoto wanaijua hofu yetu hata tukiificha. Wasichoweza kukielewa ni hasira isiyo na sababu.

Ujumbe ule wa Umoja wa Afrika ambao vikosi vyetu vilikuwa ndani yake huko Somalia ulifikia kikomo mwishoni mwa mwaka 2024. Baba watoto amekwisha kustaafu, na binti yangu yule ana nyumba yake mwenyewe. Hata hivyo, desturi moja tumeishika. Kila tarehe 24 Desemba, ifikapo saa moja jioni, kazi yote husimama hapa kwetu. Sufuria huteremshwa, mikono hupanguswa, simu huwekwa mezani katikati, nasi tunaketi kwa muda wa nusu saa. Wakati mwingine hupiga mmoja wa wavulana aliye mbali. Wakati mwingine haipigi simu yoyote, na tunazungumza tu. Mwaka jana jiko lilizimika tukiwa tumeketi, na kuku akachelewa sana. Tulimla saa nne usiku, naye alikuwa mtamu.

Nawatakieni nyote, mlio kazini na mlio nyumbani, maandalizi ya utulivu na Noeli ya amani.